Maisha ya Mama Kevina (1875–1957)

Kitabu hiki cha miaka kumi kimejaa habari zetu wenyewe: nani alianza, nani alilipa, nani alikwama, na lile sanduku la kufuli tatu lilivyopatikana. Ni haki yake. Lakini kamati ilipokaa kupanga kurasa tuliona iwepo pia habari ya mwanamke mmoja aliyekwisha kuaga dunia zamani, wengi wetu hatujazaliwa, na ambaye kazi zake zipo ng'ambo ya ziwa hapo Uganda. Tumemchagua Mama Kevina.

Si wote waliokubali mara moja. Wapo waliosema, huyu ni mzungu, tena alikuja wakati wa ukoloni, kwa nini tusimweke mama wa kwetu? Wapo waliosema ni sista wa Kikatoliki, na sisi kikundini tuna Walutheri, tuna Wasabato, tuna akina mama wa Kiislamu. Maswali ni ya haki na hatukuyazima. Tulichojibu ni kwamba watu wasome kwanza, hasa pale habari itakapofika Nkokonjeru, halafu kila mmoja aamue.

Basi tuanze. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 mahali paitwapo Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika mkoa wa Wicklow, nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa mkulima. Alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla mtoto huyu hajazaliwa, kwa hiyo Teresa hakumwona baba yake hata siku moja. Mama akaolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na miaka kumi tu. Akachukuliwa na bibi yake, akalelewa naye kama tunavyolea wajukuu huku kwetu, mpaka bibi naye alipokufa. Binti alikuwa na miaka 17.

Tukitaja Ireland, wengine watafikiri ni nchi ya matajiri. Wakati ule haikuwa hivyo hata kidogo. Nchi ilitawaliwa na Waingereza, na kati ya mwaka 1845 na 1852 ilipata njaa kubwa baada ya viazi kuoza mashambani kwa ugonjwa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kiasi kama hicho walipanda meli wakahama. Kizazi cha bibi yake Teresa ndicho kilichoyaona mambo hayo kwa macho. Kwa hiyo msichana huyu alikua mahali ambapo watu walijua maana ya kufunga mlango na kuondoka bila kujua kama utarudi.

Alisomeshwa na masista wa Huruma, na shauku yake ilikuwa awe mwalimu kamili. Ada ya chuo haikupatikana. Akakubali kuwa mwalimu msaidizi, kisha akavuka kwenda kufundisha Uingereza, katika shule ya masista huko Essex. Tunajua hapa wengi watatikisa kichwa, maana kila Januari mikopo mingi inayotoka kwenye sanduku letu ni ya ada, na wapo mabinti zetu waliosimama pale pale aliposimama Teresa.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 20, aliingia utawa katika shirika la Masista Wafransisko wa St Mary's Abbey, Mill Hill, London. Alipewa jina la Sista Mary Kevin. Mwaka 1898 akafunga nadhiri. Alikuwa na hamu ya kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi wa kule, ambao utumwa wao ulikuwa umekoma si zamani sana, lakini hali yao ilikuwa bado ya dhiki na ubaguzi. Akangoja miaka mitatu. Wito wa Marekani haukuja. Uliokuja ulitoka Uganda.

Hapa inafaa tueleze kidogo, maana bila hivyo haieleweki kwa nini masista wa London waitwe Kampala. Katika Buganda dini zilikuwa zimeingia pamoja na siasa. Waprotestanti waliletwa na Waingereza, Wakatoliki waliletwa na mapadre Wafaransa, na watu wakaanza kuitana kwa majina hayo hayo, hawa Waingereza na hawa Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda. Mwaka 1892 wakapigana kwa bunduki pale Mengo. Ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa wa Mfaransa, waliletwa wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza, ambao walifika mwaka 1895 na kukaa kilima cha Nsambya chini ya Askofu Henry Hanlon. Mapadre walifanya walichoweza, lakini hawakuwa na njia ya kuwafikia wanawake na watoto nyumbani. Askofu akaomba masista.

Sita walikubali, Sista Kevin akiwa mmoja wao. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Tunaomba msomaji aikumbuke tarehe hiyo. Walikwenda kwa meli mpaka Mombasa, wakapanda treni. Reli ilikuwa mpya kabisa, ilikuwa imefika ziwani Kisumu mwezi Desemba mwaka uliotangulia tu. Kutoka Kisumu wakavuka ziwa. Waliingia Nsambya tarehe 15 Januari 1903.

Walifika wakati mbaya. Ugonjwa wa malale ulikuwa umelipuka kando ya ziwa, Busoga na Buganda na visiwani, na kabla haujatulia ulikuwa umechukua watu zaidi ya laki mbili. Vijiji vizima viliisha. Serikali baadaye iliwahamisha watu wote wa visiwani na wa ukanda wa pwani ya ziwa ili wakae mbali na mbung'o, na ardhi nzuri ikarudi kuwa pori. Dawa ya kuaminika haikuwapo. Malale, malaria, ndui, vidonda vya miguu, watoto wa kuharisha, wanawake waliotoka katika uzazi wakiwa nusu wafu: hao ndio waliokuwa wanapanda kilima cha Nsambya kila asubuhi.

Masista hawakuwa na hospitali. Walianzia chini ya mwembe. Wagonjwa walikaa kivulini, wakasafishwa vidonda, wakapewa dawa zilizokuwapo, nazo zilikuwa chache. Sista Kevin mwenyewe alikuwa mwalimu, wala si daktari. Aliyoyajua ya uuguzi alijifunza kwa kuyafanya. Pembeni wakaanza kufundisha wasichana kusoma, kuandika, kushona, na usafi wa nyumba. Kutoka mwembe ule ndipo ilipotoka Hospitali ya Nsambya, ambayo leo ni moja ya hospitali kubwa za Kampala, na inauhesabu mwaka 1903 kuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili, Nagalama. Mwaka 1910 mkuu wao wa kwanza akaondoka, na Sista Kevin, akiwa na miaka 35, akawekwa mahali pake. Tangu hapo watu wakamwita Mama. Waganda, kwa ulimi wao, wakalimalizia jina lake kwa irabu: Mama Kevina. Jina lilizoeleka mno hata likaanza kutumika Uganda kwa maana ya hospitali au nyumba ya kusaidia watu, yaani mtu akisema anakwenda Kevina, ameeleweka.

Halafu ikaja vita ya 1914. Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi yetu, na kwa kuwa barabara hazikuwapo na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, mizigo ilibebwa na watu. Vijana walikamatwa vijijini kutoka Uganda, Kenya, Nyasaland, na upande wa Mjerumani vivyo hivyo, wakatwishwa chakula na risasi. Jeshi la wapagazi wa Mwingereza liliitwa Carrier Corps. Neno hilo ndilo tulilolifanya Kariakoo kule Dar es Salaam, na Nairobi wakalifanya Kariokor. Kila tunapokwenda Kariakoo kununua vitenge vya jumla tunatamka jina lao, na wengi wetu hatukujua. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi si kwa risasi, bali kwa kuhara, njaa, na homa ya mapafu.

Nsambya iligeuzwa kuwa hospitali ya wapagazi hao. Waliletwa wakiwa mifupa mitupu. Mama Kevina alikasirishwa sana na jinsi watu hawa walivyotendewa na wakubwa wa jeshi, wala hakuificha hasira yake. Vita ilipokwisha, mwaka 1918, serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE. Tumejadiliana kidogo juu ya nishani hiyo. Wapo kati yetu wanaosema angeikataa, kwa kuwa waliompa ndio waliowatwisha wale vijana mizigo. Wengine wanasema mtu anayehitaji kibali cha serikali kesho kwa ajili ya hospitali yake hakatai nishani leo. Sisi tunaiacha hapo. Lililo wazi ni kwamba alifanya kazi ndani ya utawala wa wakati ule, akiugombeza pale ulipowaumiza watu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, jambo la uzazi.

Katika miaka ile wanawake wengi wa Uganda walikuwa wanakufa wakati wa kujifungua, na watoto wachanga walikuwa wanakufa wengi zaidi. Wamisionari Waprotestanti, Daktari Albert Cook na mkewe Katharine, ambaye alikuwa muuguzi, walikuwa wameanza kazi kubwa pale Mengo, na walianza kufundisha wakunga wa Kiafrika. Nsambya kwa Wakatoliki kulikuwa na kikwazo cha ajabu. Sheria ya Kanisa wakati ule iliwazuia masista wenye nadhiri wasizalishe. Ilidhaniwa kwamba kazi hiyo haiendani na utawa. Hebu fikiri: sista amesimama, mama anateseka mbele yake, na kanuni inasema asiguse.

Mama Kevina hakuvunja sheria kwa makelele, wala hakukaa kuisubiri ibadilike. Alitafuta mwanamke asiyefungwa na sheria hiyo. Mwaka 1919 alifika Nsambya Daktari Evelyn Connolly, mwanamke Mkatoliki asiye sista, daktari kamili. Yeye hakuwa na nadhiri, kwa hiyo hakuzuiwa. Mwaka 1921 ikafunguliwa pale Nsambya shule ya kufundisha wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Hawa nao hawakuwa masista. Kumbe kikwazo chenyewe ndicho kilichofungua mlango: kwa kuwa masista wazungu walizuiwa, kazi ilibidi iende mikononi mwa mabinti wa pale pale. Roma ilikuja kuiondoa katazo hiyo mwaka 1936, miaka kumi na mitano baada ya shule kuanza, na baada ya madaktari wanawake na wamisionari wa nchi mbalimbali kuililia kwa muda mrefu. Kufika hapo Nsambya ilikuwa imekwisha kutoa wakunga wake.

Wale kikundini mwetu ambao ni wakunga wa jadi, na mmoja ambaye ni muuguzi mstaafu, wameisoma sehemu hii mara mbili mbili. Muuguzi wetu alicheka akasema ndiyo maana alipokuwa chuoni walimu wake wa zamani walikuwa wakali vile juu ya kuosha mikono.

Lakini Mama Kevina aliona hatari nyingine, na hapa ndipo tunapomsifu zaidi. Aliona kwamba kila kitu alichokianzisha kilitegemea masista wanaotoka Ulaya. Ulaya ikipata vita, hawaji. Wakiugua, wanarudi. Wakifa, wanazikwa, na shule inafungwa. Kazi ya namna hiyo ni kama mfuko unaotegemea mfadhili mmoja: siku akiondoka, mnatazamana.

Akaamua kuanzisha shirika la masista wa Kiafrika. Hakuwa wa kwanza kabisa kwa wazo hilo, lazima tuseme kweli. Upande wa mapadre Wafaransa walikuwapo tayari Bannabikira, masista wa Kiganda wa Bwanda, ambao shirika lao lilianza mwaka 1910. Lakini upande wa Mill Hill halikuwapo, na si wote walioamini kwamba litawezekana. Wazungu walikuwapo waliofikiri msichana wa Kiafrika hataweza maisha ya nadhiri. Na wazazi nao walikuwa na sababu zao. Binti asiyeolewa ni nani? Mahari inakwenda wapi? Wajukuu watatoka wapi? Nani atamlea akizeeka? Kwa wazazi wetu wa zamani, na hata kwa baadhi ya wazazi wa leo, maswali haya si ya kipuuzi.

Tarehe 1 Mei 1923, pale Nkokonjeru, shirika likaanza na wasichana wanane. Wanane tu. Liliitwa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Walifundishwa sala, ualimu, uuguzi, kilimo, na uendeshaji wa nyumba. Hakuna aliyewaahidi makubwa. Wengine waliendelea, wakaja wengine, na kidogo kidogo masista wenyewe wakaanza kuwafundisha waliokuja nyuma yao. Baadaye shirika likajitawala, likawa linamchagua mama mkuu kutoka miongoni mwa wanashirika. Lilivuka mpaka likaingia Kenya, likaingia Tanzania. Wapo wasomaji wetu ambao wametibiwa au watoto wao wamefundishwa na masista hawa, bila kujua kwamba mzizi ni wale wanane wa Nkokonjeru.

Huku ndiko tulikotaka wale wenzetu waliouliza maswali wafike. Kuja Afrika walikuja wazungu wengi, wazuri na wabaya. Huyu alitumia nguvu zake nyingi kuhakikisha kwamba kazi haimhitaji yeye. Tunafikiri hilo ni gumu kuliko kujenga hospitali. Hata katika vikundi vyetu tunajua ilivyo kazi kwa mwenyekiti kumfundisha mwingine kitabu cha hesabu, na mweka hazina kumkabidhi mwenzake ufunguo.

Wakati huo huo hakuacha kutafuta watu wa Ulaya pia, maana kazi ilikuwa kubwa. Mwaka 1929 alifungua nyumba ya unovisi Holme Hall, Yorkshire, Uingereza, kwa ajili ya wasichana waliotaka kuja Afrika moja kwa moja. Alikwenda na kurudi kuomba fedha, Ireland na Uingereza na baadaye Marekani. Katika karatasi za maisha ya watakatifu habari ya kuomba fedha huwa inapitwa haraka, kama vile ni aibu kidogo. Sisi tunaona iandikwe. Dawa zilinunuliwa. Mabati yalinunuliwa. Mtu aliyelipia ni mama wa kijiji cha Ireland aliyetoa senti yake kanisani, na aliyekwenda kuziomba ni Mama Kevina, akiwa mzee, amechoka na safari.

Wenye ukoma nao. Katika miaka ya 1930 alisimamia kuanzishwa kwa vituo viwili vya kuwatunza, Nyenga mwaka 1932 na Buluba, kule Busoga karibu na ziwa, mwaka 1934. Wakati ule mwenye ukoma alitengwa, akajengewa kibanda porini. Dawa ya kweli ilikuwa haijapatikana, ilikuja baada ya vita ya pili. Buluba ndipo alipofika mwaka 1951 Daktari Wanda Błeńska, Mpolandi, Mkatoliki asiye sista, akakaa zaidi ya miaka 40 na kukifanya kituo hicho kijulikane dunia nzima kwa matibabu na mafunzo ya ukoma. Huyo naye alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 103, na siku nyingine anastahili kurasa zake mwenyewe.

Kuhusu elimu ya wasichana, kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba kusoma na kushona peke yake havitoshi. Sekondari za wasichana Uganda zilikuwa za kuhesabu. Mwaka 1942 ilianzishwa Mount Saint Mary's, Namagunga, karibu na Lugazi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja. Walikuwapo waliouliza msichana atapeleka wapi sekondari. Jibu lilichukua muda, lakini lilikuja. Kati ya waliosoma hapo ni Daktari Specioza Wandira Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia mwaka 1994 hadi 2003, mwanamke wa kwanza Afrika kushika cheo hicho. Na Winnie Byanyima, aliyeteuliwa mwaka 2019 kuliongoza shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na UKIMWI, naye ametoka Namagunga.

Tusidhani kwamba mambo yote yalimwendea vizuri. Shirika lake la Mill Hill lilikuwa na kazi zake Uingereza, na Uganda ilikuwa mbali. Kuongoza masista wa Afrika kutoka London kulikuwa na ugumu wake, na mwishowe iliamuliwa watengane. Mwaka 1952 masista wa misheni ya Afrika wakawa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, na nyumba yao kuu ikawekwa Mount Oliver, Dundalk, Ireland. Mama Kevina akawa mama mkuu wao wa kwanza. Alikuwa na miaka 77. Umri huo wengi wetu tunategemea kukaa barazani tukisimulia wajukuu hadithi, mwenzetu anaanza kuongoza shirika jipya.

Alistaafu uongozi mwaka 1955. Kustaafu kwenyewe ni jina tu. Alitumwa Marekani, Boston, kusimamia nyumba ndogo ya masista na kuendelea kukusanya fedha kwa ajili ya Afrika. Ndiyo ile Marekani aliyoililia akiwa msichana. Akaipata akiwa na miaka 80, tena kwa ajili ya Uganda. Alifariki huko huko, kitongoji cha Brighton, tarehe 17 Oktoba 1957. Alikuwa na miaka 82.

Mwili wake ulisafirishwa kwa ndege mpaka Ireland, Mount Oliver, kwa watu wa nchi yake na wa shirika lake. Ilionekana ndiyo safari imekwisha. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walimtaka. Walisema ni wao wa kumzika. Tunaomba akina mama mtulie hapa kidogo, maana sisi Waafrika jambo la mtu azikwe wapi tunalijua uzito wake. Mashauri yake yanafika mpaka mahakamani. Kumwomba mtu azikwe kwenu ni kusema kwamba ni wa ukoo. Na mwaka 1957 si mwaka wa Mwafrika kumbembeleza mzungu. Uganda ilikuwa imekwisha kudai uhuru wake, ulioupata miaka mitano baadaye. Katika wakati huo huo watu walikuwa wanaomba kurudishiwa huyu mmoja.

Wakarudishiwa. Alizikwa Nkokonjeru, kwa mabinti wa lile shirika alilolianza na wasichana wanane, tarehe 3 Desemba 1957. Zilikuwa zimetimia siku hiyo hiyo miaka 55 tangu alipoondoka London.

Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi uchunguzi wa maisha yake ili Kanisa liangalie kama anaweza kutangazwa mtakatifu, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mambo hayo huchukua miaka mingi na si juu yetu kuyaamua.

Wenzetu wanaokwenda hija Namugongo kila mwaka kwa ajili ya tarehe 3 Juni, mkipata nafasi ya siku moja zaidi, Nkokonjeru si mbali sana: ni wilaya ya Buikwe, unaipita Mukono kwanza. Nauli ulizeni pale pale kituoni, maana hubadilika. Mtakaofika, mtusalimie masista.